Mgeni Kiooni: Yanayotendeka Ndani ya Simu ya Mhudumu wa Afya

Barabara itokayo Mbinga mjini kwenda Mbamba Bay huanzia katika vilima vya kahawa na kuteremka kwa mizunguko mingi hadi ukingoni mwa Ziwa Nyasa, ambalo uso wake uko takriban meta 475 juu ya usawa wa bahari. Katika safari hiyo isiyofika kilometa 70 hewa hubadilika, mazao hubadilika, na magonjwa nayo hubadilisha uzito wake: homa inayomfanya tabibu wa milimani afikirie kwanza kifua, humfanya mwenzake wa mwambaoni afikirie kwanza malaria. Kiserikali pia ni maeneo mawili tangu Wilaya ya Nyasa ilipomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012. Kitu kimoja tu hakibadiliki njiani, nacho ni simu iliyo mfukoni mwa mhudumu wa afya.

Tarehe 31 Januari 2024 Serikali ya Tanzania ilizindua mpango jumuishi wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, unaolenga kuwafikia wahudumu 137,294 katika kipindi cha miaka mitano. Sehemu kubwa ya kazi yao, kuanzia kuandikisha kaya hadi kumfuatilia mjamzito, imepangwa kupita katika programu za simu. Kwa hiyo namna programu hizo zinavyotengenezwa si suala la mafundi wa kompyuta peke yao. Makala haya yanahusu kipengele kimoja cha utengenezaji huo, kidogo kwa sura lakini chenye madhara yanayofika hadi kitandani kwa mgonjwa: uwekaji wa vipande asilia vya simu ndani ya programu iliyoandikwa kwa ajili ya majukwaa mengi.

Tuanze na istilahi, maana bila hizo hatutafika mbali. Simu janja nyingi duniani huendeshwa na mmojawapo wa mifumo miwili, Android au iOS. Kila mfumo una vifaa vyake vya kuchora vitufe, visanduku vya kuandikia, ramani na kurasa za wavuti. Vifaa hivyo ndivyo tunavyoviita asilia, kwa sababu vimezaliwa na mfumo wenyewe. Mtu akitaka programu ifanye kazi katika mifumo yote miwili, zamani alilazimika kuiandika mara mbili, kwa lugha mbili, na pengine kwa timu mbili. Programu ya majukwaa mengi ni jibu la gharama hiyo: msimbo huandikwa mara moja, kisha hufungashwa kwa kila mfumo. React Native ya Facebook ilitolewa mwaka 2015. Flutter ya Google ilifikia toleo la 1.0 mnamo Desemba 2018. Kwa wizara, chuo au shirika lenye fedha kidogo na mahitaji mengi, mvuto wa zana hizi hauhitaji kuelezwa.

Wala hamu hiyo si mpya katika nchi yetu. Mwaka 2008 ulichapishwa utafiti uliofanyika Mtwara, ambako mwongozo wa matibabu ya watoto wagonjwa, IMCI, uliwekwa kwenye kompyuta ya kiganjani ili mtoa huduma aongozwe swali kwa swali. Mwaka huohuo CommCare ilianza kujaribiwa Dar es Salaam kwenye simu ndogo za vitufe zilizotumia lugha ya Java, lugha ambayo ahadi yake kuu ilikuwa hiyohiyo ya kuandika mara moja na kutumia popote. Ahadi ilitimia nusu. Kila aina ya simu ilikuwa na kioo cha ukubwa wake na tabia zake, na waliofanya kazi hiyo walijifunza mapema kwamba msimbo mmoja hauondoi tofauti za simu, huzisogeza tu mahali pasipoonekana.

Mahali hapo pasipoonekana ndipo tunapokwenda sasa.

Flutter haitumii vitufe vya Android wala vya iOS. Inabeba injini yake ya kuchora, na kila unachokiona ndani ya programu, iwe herufi, rangi au kivuli, kimechorwa na injini hiyo juu ya turubai moja. Ndiyo sababu fomu huonekana sawasawa kwenye simu ya bei ndogo na ya bei kubwa. Lakini kuna vitu ambavyo ni kazi bure kuvichora upya. Ramani yenye barabara na mito ni mfano mmoja; kivinjari kinachofungua ukurasa wa mwongozo wa tiba ni mwingine; video ya mafunzo ni wa tatu. Vitu hivi tayari vipo ndani ya simu, vimejengwa na kukomazwa kwa miaka. Mtengenezaji hukata nafasi katika turubai yake na kumkaribisha mgeni: kipande asilia cha simu, chenye mchoraji wake, kumbukumbu yake na namna yake ya kupokea mguso wa kidole.

Msomaji wa Umatengo ana picha nzuri ya jambo hili shambani kwake. Katika kilimo cha ngoro, nyasi zilizofyekwa hulazwa kwa mistari inayokatana mpaka mteremko mzima unagawanyika katika miraba. Kisha udongo huchimbwa katikati ya kila mraba na kufukiwa juu ya nyasi. Hubaki tuta pembeni na shimo katikati. Mbegu hupandwa juu ya tuta, maji ya mvua hutulia shimoni badala ya kukimbia na udongo hadi bondeni. Kwa desturi wanaume ndio hufyeka na kupanga nyasi, na wanawake ndio hufukia. Mikono ni miwili, shamba ni moja, na ukitazama kutoka ng'ambo ya bonde huoni mwisho wa kazi ya mmoja na mwanzo wa kazi ya mwingine. Programu yenye kipande asilia ni hivyohivyo: mchoraji mmoja hupanga miraba, mwingine hujaza shimo. Tofauti ni kwamba wakulima wa ngoro wana siku nzima za kupatana. Wachoraji wa ndani ya simu wanatakiwa kupatana mara 60 kwa kila sekunde.

Namna ya kuwapatanisha imebadilika mara kadhaa, na kila badiliko limeacha alama yake katika simu zilizopo mikononi mwa watu.

Kwenye Android, njia ya kwanza ya Flutter ilikuwa kumpa mgeni kioo cha bandia. Ramani au ukurasa wa wavuti ulichorwa kwenye kioo kisichoonekana na mtu, picha yake ikachukuliwa na kubandikwa katika turubai ya programu. Kwa macho, kazi ilikuwa safi. Lakini picha ni picha tu. Kidole kikiigusa, mguso ulipaswa kubebwa na kupelekwa kwa mgeni aliyefichwa. Kibodi ya simu, inayotegemea kujua ni kisanduku gani kinaandikiwa, mara nyingine ilipotea njia: haikufunguka, au ilifunguka na herufi zisiingie. Na kisoma skrini, yaani sauti inayomsomea mtu asiyeona, kilikuta mahali pa ramani au fomu pakiwa kimya.

Njia ya pili ilikuja mwaka 2020. Mgeni hakufichwa tena. Aliwekwa waziwazi ndani ya dirisha la programu, na programu ikachorwa kwa tabaka juu yake na chini yake. Kibodi ilirudi katika hali yake, kisoma skrini kikasema. Gharama ikaangukia kasi. Katika simu zenye Android iliyo chini ya toleo la 10, kila fremu ya programu ililazimika kunakiliwa kutoka kumbukumbu ya michoro kwenda kumbukumbu kuu, kisha kurudishwa tena. Hebu tuipige hesabu. Kioo cha simu ya kawaida chenye nukta 720 kwa 1,600 kina nukta 1,152,000. Kila nukta huchukua baiti 4, hivyo fremu moja ni megabaiti 4.6 hivi. Zidisha kwa 60, upate megabaiti zipatazo 276 kila sekunde, zikienda tu. Zikirudi, ni mara mbili yake. Kazi yote hiyo hufanyika kwa sababu tu ramani ndogo imewekwa pembeni mwa fomu.

Mhudumu hahitaji kuijua hesabu hii, anaihisi mkononi. Simu inapata moto. Orodha ya kaya inakwama inaposukumwa kwa kidole. Betri iliyochajiwa alfajiri kwa umeme wa jua haifiki jioni. Wengi huhitimisha kwamba simu ni mbovu, au kwamba wao wenyewe hawajui kuitumia. Hitimisho la pili ndilo linaloniudhi zaidi, kwa kuwa husikika mara nyingi katika semina na mara nyingi halina msingi. Mtu anayejaza kitabu cha MTUHA namba 6 bila kukosea safu hana sababu ya kushindwa na kisanduku cha kuandikia. Kisanduku ndicho kilichoshindwa.

Njia ya tatu, iliyoingia na Flutter 3.0 mwaka 2022, inajaribu kuchukua mema ya mbili za kwanza: mgeni hubaki ndani ya dirisha kwa ajili ya mguso na kibodi, lakini michoro yake huelekezwa katika turubai ya programu. Nayo ina kasoro zake. Baadhi ya vipande asilia, hasa vya video na baadhi ya ramani, havichori katika dirisha la kawaida. Hutoboa tundu katika dirisha na kuonekana kupitia humo, na tundu kama hilo haliingiliani vizuri na njia hii. Ukurasa mrefu wa wavuti ukisukumwa kwa haraka hukatakata. Hakuna njia iliyo bora katika kila simu, na hilo ndilo jambo ambalo anayenunua au kuagiza programu ya afya anapaswa kulijua kabla hajatia saini.

Niseme pia kwa ufupi kwamba si zana zote za majukwaa mengi zina tatizo la sura hii. React Native hujenga uso wake kwa vipande asilia tangu mwanzo, hivyo mgeni wake si mgeni sana. Matatizo yake hukaa kwingine, hasa katika mawasiliano kati ya msimbo na vipande hivyo.

Kuna mpangilio wa kinyume ambao katika Afrika Mashariki umefika katika kaya nyingi zaidi. Badala ya programu kumkaribisha mgeni asilia katika kona moja, programu nzima ni ukurasa wa wavuti, na kitu asilia ni ganda tu linaloubeba. Hivyo ndivyo ilivyojengwa zana iitwayo Community Health Toolkit, ambayo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma. Zanzibar inaitumia katika mpango wa Jamii ni Afya, unaoendeshwa na Wizara ya Afya kwa ushirikiano na D-tree. Kenya inaitumia katika mfumo wake wa kielektroniki wa afya ya jamii, ambao ulipanuliwa wakati wahamasishaji wa afya ya jamii 100,000 walipozinduliwa rasmi jijini Nairobi Septemba 2023. Ndani ya simu, ganda hilo la Android hufungua kipande asilia kiitwacho WebView na kupakia humo fomu zote. Taarifa huhifadhiwa kwanza katika simu yenyewe, kisha hulinganishwa na seva mtandao unapopatikana. Kwa vijiji vilivyojificha chini ya milima, ambako mawimbi ya simu huja na kuondoka, utaratibu huo wa kuhifadhi kwanza ni wa lazima.

Historia ya ganda hilo inafundisha. WebView si mali ya mtengenezaji wa programu. Ni mali ya simu, na kila simu ina toleo lake. Katika simu za zamani matoleo hayo yalitofautiana mno hata fomu moja ikawa na tabia mbili. Kwa hiyo kwa muda ganda la Community Health Toolkit lilitolewa kwa namna mbili: moja kwa ajili ya Android 10 na kuendelea, iliyotumia WebView ya simu, na nyingine kwa ajili ya simu za chini ya hapo, iliyobeba ndani yake injini ya kivinjari inayoitwa Crosswalk. Ilikuwa nzito, na kuipakua kwa bando la kijijini hakukuwa jambo dogo, lakini ilikuwa na sifa moja isiyo na bei: kila mhudumu aliona kitu kilekile. Nadhani ulikuwa uamuzi sahihi kwa wakati wake.

Kutegemea kipande kisicho chako kuna siku yake ya hatari. Tarehe 22 Machi 2021 toleo jipya la WebView lenye kasoro lilisambazwa kwa simu za Android duniani kote, na programu nyingi zilizoitegemea, zikiwemo za barua pepe na za benki, zikaanza kujifunga zenyewe. Hakuna aliyekuwa amebadilisha chochote katika programu hizo. Tangu Android 5.0 ya mwaka 2014, WebView hujisasisha kivyake kupitia duka la programu, na kwa kawaida hilo ni jambo jema, kwa kuwa mianya ya usalama huzibwa haraka. Siku hiyo halikuwa jema. Kituo cha afya kilichokuwa kimetupa madaftari yake kwa imani kwamba simu inatosha kingejikuta kinaandika majina ya wagonjwa kwenye mgongo wa risiti.

Sasa tuingie chumba cha matibabu, kwa kuwa huko ndiko kasoro hizi zinapoacha kuwa za kiufundi.

Tuchukue mtoto mwenye kilo 12 aliyethibitika kuwa na malaria isiyo kali. Dawa mseto ya artemether na lumefantrine hutolewa kwa makundi ya uzito: kilo 5 hadi chini ya 15, kidonge kimoja kwa kila dozi, kilo 15 hadi chini ya 25, vidonge viwili. Katika orodha ya kuchagua, makundi haya mawili hukaa jirani. Ikiwa orodha imo ndani ya kipande asilia ambacho fremu zake zimechelewa, kidole hugusa mahali ambapo mstari wa kwanza ulikuwapo, na programu hupokea mguso mahali ambapo mstari wa pili umekwishafika. Kichagizo kimoja kinateleza na dozi inakuwa maradufu. Mtoa huduma makini ataona, lakini mtoa huduma makini aliyehudumia wagonjwa 60 tangu asubuhi ni binadamu vilevile.

Au mjamzito ambaye shinikizo lake la damu limesomeka 160 kwa 110. Programu imeandikwa vizuri, na sanduku jekundu la onyo la rufaa ya haraka linachorwa papo hapo. Lakini ikiwa kwenye ukurasa huo kuna video au ramani iliyowekwa kwa njia isiyoheshimu mpangilio wa tabaka, sanduku linaweza kuchorwa nyuma yake. Programu kwa upande wake ina hakika kwamba imeonya. Kumbukumbu za seva zitaonyesha kwamba onyo lilitolewa saa fulani na dakika fulani. Mhudumu hakuona kitu. Siku ya kikao cha kupitia vifo vya uzazi, ushahidi wa mashine utasimama upande mmoja na neno la mtu upande mwingine, na tunajua ni upande upi huaminiwa.

Kwa mgonjwa kuna mambo mengine mawili. La kwanza ni la wale wasioona vizuri. Mzee mwenye mtoto wa jicho huongeza ukubwa wa herufi za simu yake. Fomu ya programu hukua, lakini kipande kilichowekwa ndani yake huenda kisikue, au kikue hadi kitufe cha kuthibitisha kisukumwe nje ya kioo. Akiombwa kusoma maelezo ya ridhaa na kuweka alama ya kukubali, anakubali nini? Ridhaa iliyotolewa juu ya maandishi yasiyosomeka si ridhaa, hata kama alama imewekwa.

La pili ni siri. Kibodi ya simu ni kipande asilia kuliko vyote, na ina tabia ya kujifunza. Mhudumu akiandika leo jina la mtu pamoja na jina la dawa za kufubaza virusi, kesho mwanawe akichukua simu kumwandikia rafiki ujumbe anaweza kukuta kibodi inampendekezea maneno hayohayo. Tangu Android 8.0 mtengenezaji anaweza kuiomba kibodi isijifunze kutoka kwenye kisanduku fulani. Ombi hilo ni mstari mmoja wa msimbo, lakini kwenye kipande asilia kilichokaribishwa ndani ya programu mara nyingi linapaswa kuwekwa kivyake, kwa sababu mgeni hafuati kanuni za mwenyeji bila kuambiwa. Hali kadhalika kumbukumbu za kurasa ndani ya WebView: mtumiaji akitoka katika programu kwa kufunga akaunti, mabaki ya alichokisoma yanaweza kubaki mpaka yafutwe kwa amri. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Haisemi kwamba zikivuja kupitia mapendekezo ya kibodi zinakuwa nyeti kidogo.

Ramani nayo inastahili neno lake, kwa sababu ndicho kipande kinachoombwa zaidi na wafadhili na, kwa maoni yangu, ndicho kinachodanganya kwa urahisi zaidi katika eneo hili. Mstari ulionyooka kati ya kijiji cha mwambaoni na hospitali unaweza kuwa mfupi sana kiooni. Ardhini kuna mlima. Kati ya Liuli na vijiji vya kaskazini mwake, na vivyo hivyo kusini kuelekea Chiwindi mpakani mwa Msumbiji, watu wengi husafiri kwa maji kama wanavyosafiri kwa nchi kavu, na ziwa lina ratiba yake. Upepo wa mwera ukivuma kutoka kusini-mashariki katika miezi ya baridi, boti iliyotarajiwa kuchukua saa mbili haiondoki kabisa. Milimani, karibu na Litembo, ni utelezi wa masika unaoamua. Ramani ya kigeni iliyowekwa kwenye programu haina habari za mwera wala za utelezi. Isitoshe, inahitaji mtandao ili kuleta vipande vyake vya picha. Ikikosa, huonyesha miraba ya kijivu na alama ya bluu inayoelea katikati ya utupu. Orodha ya kawaida ya maandishi, yenye jina la kituo, namba ya simu ya kituo na neno moja kuhusu njia inayopitika kwa msimu, ni nyepesi mara nyingi zaidi, haimhitaji mgeni yeyote, na mhudumu anayejua eneo lake anaweza kuisahihisha.

Kwa hiyo swali la kwanza ambalo timu ya afya ya wilaya inapaswa kumwuliza mtengenezaji si ramani itaonekanaje, bali kama inahitajika. Ikihitajika, iwekwe katika ukurasa wake peke yake, isichanganywe na fomu ya dozi wala na maonyo. Visanduku vya kuandikia vichorwe na programu yenyewe. Kamera ya kusomea kipimo cha haraka kwa kawaida haileti shida hii, kwani picha zake hutiririshwa moja kwa moja katika turubai. Miongozo mirefu ya tiba isifunguliwe katika kivinjari cha ndani kinachotegemea mtandao. Iwekwe kama maandishi ndani ya programu.

Majaribio yafanyike kwa simu zilizopo wilayani, si kwa zile za ofisini. Ichukuliwe simu iliyozeeka kuliko zote iliyo katika mgawo, iliyojaa picha za harusi na nyimbo, izimwe mtandao, iongezwe ukubwa wa herufi hadi mwisho, iwashwe kisoma skrini, kisha mhudumu ajaze fomu kamili ya mjamzito mwenye dalili za hatari huku mtengenezaji akikaa kimya pembeni. Nusu saa ya zoezi hilo hufichua mambo ambayo mwezi mzima wa mikutano hautayafichua. Na kitabu cha MTUHA kisitolewe mezani wiki ya kwanza, wala ya pili.

Wagonjwa na familia zao wana haki ya kuomba wasomewe kwa sauti kilichoandikwa kiooni kabla ya kukubali, na kuomba waone jina lao limeandikwaje. Jambo jingine ni la kuokoa muda: dharura ya uzazi au ya mtoto mchanga haihitaji programu yoyote. Mfumo wa usafiri wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa Aprili 2022, hupokea wito kwa namba 115 bila malipo, na simu ya tochi inatosha.

Mhudumu anapokutana na kasoro, taarifa yenye kusema tu kwamba programu inasumbua haimfikishi fundi popote. Inayofaa ni ile inayotaja ukurasa uliokuwa wazi, kilichoguswa, kilichotokea, saa, na kama mtandao ulikuwapo. Na chini yake aina ya simu, toleo la Android, na toleo la WebView. Matoleo yote mawili hupatikana katika mipangilio ya simu: la Android chini ya maelezo kuhusu simu, la WebView katika orodha ya programu zote, ambako wengi huipita bila kujua kwamba ipo. Yanakaa vizuri kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari la mhudumu, pamoja na tarehe, kwa sababu la pili hubadilika lenyewe usiku simu ikiwa kwenye chaji.